Maumivu ya mtoto hayana risiti, lakini yana thamani

Mama mmoja wa Nansio ametuandikia. Mwanawe wa darasa la tano aligongwa na Noah asubuhi akienda shule, mguu ukavunjika chini ya goti. Akapokelewa Hospitali ya Wilaya, akapewa rufaa, wakapanda meli hadi Mwanza na kulazwa Bugando wiki mbili. Mwenye gari hakukimbia. Amelipa bili za hospitali, na Jumapili iliyopita alikuja na wazee wawili, Sh300,000 "za pole" na karatasi ya kusaini kwamba mambo yamekwisha. Mama anauliza: "Nikidai zaidi, si nitaonekana nauza maumivu ya mwanangu?"

Hapana, mama. Hilo swali nimelisikia kwa wazazi wengi, na mara zote linaulizwa na aliyeumizwa, siyo aliyeumiza.

Pole na fidia ni vitu viwili. Pole hutoka moyoni, na kiasi chake anakipanga mtoaji. Fidia hupimwa kwa aliyeumia. Unaweza kupokea pole kwa mikono miwili, ukashukuru, na bado ukadai fidia. Huyo aliyeleta laki tatu si mtu mbaya. Wapo wasiokuja hata kujulia hali. Tatizo ni karatasi yake.

Mahakama zetu hugawa fidia mafungu mawili. La kwanza ni fidia mahsusi: fedha ulizotoa mfukoni. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika hukumu iliyochapishwa katika ripoti za kesi za mwaka 1992, kwamba fungu hili lazima litajwe waziwazi na kuthibitishwa kikamilifu. Hapa wazazi wengi hupoteza bila kujua, kwa sababu "gharama zote" za mwenye gari ni zile za dirisha la hospitali tu. Tiketi za meli kwenda na kurudi, bajaji, chakula chako ukimuuguza Mwanza, magongo, na zile wiki ambazo hukuanika wala kuuza dagaa, hakuna aliyezihesabu. Zihesabu wewe, na tafuta uthibitisho wa kila moja.

Fungu la pili ni fidia ya jumla, na humo ndimo yanamokaa maumivu na mateso. Haya hayahitaji risiti. Hakimu huyapima kwa busara yake: jeraha ni kubwa kiasi gani, limechukua muda gani, limeacha kilema au la, mtoto ana umri gani, amekosa nini, na kesi zinazofanana zililipwaje. Lakini busara hiyo ina mpaka. Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba hakimu lazima atoe sababu za kiasi alichokitaja, na sababu hizo zitoke kwenye ushahidi. Akikosa ushahidi wako, atazitoa wapi?

Huenda umeona kwenye simu kwamba Marekani watu huchukua gharama za matibabu na kuzizidisha mara moja na nusu hadi mara tano, wakapata bei ya maumivu. Ni njia ya kupatania na kampuni za bima huko. Hapa mahakama haifungwi na hesabu hiyo. Nami naona isingetufaa hata kidogo. Mtoto aliyetibiwa kwa gharama ndogo Nansio hakulia kidogo kuliko aliyetibiwa kwa mamilioni kwingine.

Kwa hiyo nunua daftari. Andika tarehe, na chini yake lililotokea siku hiyo: ameamka saa nane usiku akilia, amepewa dawa gani, amebebwa kwenda chooni na analia kwa aibu kuliko maumivu, anaogopa kuvuka barabara, akisikia honi anashika nguo yako, wenzake wamefanya mtihani yeye yuko kitandani. Siku akiwa na nafuu, andika pia kwamba ana nafuu. Daftari lisilo na siku nzuri hata moja halitaaminika, na uongo mdogo ukigundulika unaua ukweli wote uliobaki. Piga picha za mguu kila wiki. Mwombe mwalimu wa darasa barua inayoonyesha siku alizokosa kwa mujibu wa rejista.

Fomu ya polisi, PF3, hakikisha imejazwa na daktari na ubaki na nakala. Daktari wa mifupa naye mwombe ripoti inayosema zaidi ya "mguu umevunjika": utapona kabisa? Utakuwa mfupi? Atacheza mpira? Mtoto ana miaka mingi mbele, na jibu hilo linaweza kuwa zito kuliko yote.

Kuhusu huruma yako kwa mwenye gari: sheria inamtaka kila mwenye gari awe na bima, angalau ile tunayoita bima ndogo, na kazi yake hasa ni kufidia wengine wanaoumizwa au kuuawa na gari hilo. Huenda basi hutatoa shilingi mfukoni mwake. Waulize trafiki jina la kampuni, au hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, kisha iandikie kampuni mapema. Kampuni ikikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya mahakama.

Na faini ya dereva isikudanganye. Ile huenda serikalini, mtoto hapati kitu. Faida yake kwako ni kwamba dereva akitiwa hatiani, hukumu hiyo ni ushahidi mzito katika dai lako.

Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu. Kwa mtoto sheria huanza kuhesabu akifikisha utu uzima, lakini usingoje. Mashahidi huhama na makaratasi huliwa na mchwa. Mzazi anaweza kufungua dai kwa niaba yake, na wasaidizi wa kisheria wanaweza kukuelekeza bila malipo.

Sasa ile karatasi. Usiisaini kama ilivyo. Waambie wazee muandike nyingine: Sh300,000 zimepokelewa tarehe fulani kama pole, na dai la fidia ya majeraha ya mtoto linaendelea. Wasaini nao, ubaki na nakala. Mwenye gari akikataa kuacha fedha mpaka ukiri kwamba yamekwisha, mwache arudi nazo kwa amani. Mguu bado uko kwenye hogo, na hakuna daktari aliyesema bado kama utalingana na mwenzake.