Ulanzi Haungoji Mtu

Mwezi huu chupa zenye lebo nimeziweka pembeni. Wengi mmekuwa mkiniuliza, dada, kila mwezi mvinyo wa nje na bia za nje, kwani sisi hatuna kinywaji chetu cha kuonjwa kwa adabu? Tunacho, tena kina msimu wake, na ukichelewa siku moja tu umekikosa.

Kwanza niwapeleke mbali kidogo. Wamarekani wana bia ya msimu wanayoipenda kufa, bia ya hopsi mbichi. Hopsi ni yale maua ya kijani ya mmea unaotambaa, ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu. Mwaka mzima wanatumia hopsi zilizokaushwa. Lakini mavuno yanapofika, mwisho wa Agosti na Septemba, kule Yakima katika jimbo la Washington, watengenezaji wengine wanazichukua mbichi hivyo hivyo na kuzitia kwenye bia ndani ya saa 24 hivi. Zikikaa zinaharibika, maana sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kampuni ya Sierra Nevada ya California inatajwa kuwa ndiyo iliyoanzisha mtindo huo Marekani, mwaka 1996. Na bia yenyewe inanyweka ikiwa changa. Ukiitunza kabatini mpaka harusi ya mdogo wako, ile harufu ya majani mabichi imeshakwenda zake.

Kwetu mmea huo usihangaike kuutafuta. Hopsi inataka siku ndefu za kiangazi ndiyo itoe maua vizuri, na sisi tulio karibu na ikweta jua letu ni la saa 12 tu, masika na kiangazi. Hata Afrika Kusini, kule George, wakulima waliwahi kulazimika kuwasha taa mashambani ili kuudanganya mmea kwamba jua bado halijazama. Hapo sasa!

Lakini kinywaji kisichongoja mtu hakikuanzia Yakima. Muulize Mhehe au Mbena. Mvua zikishika, mianzi inatoa machipukizi. Mgema anakata ncha ya chipukizi, anafunga chombo chake, ambacho kwa asili ni kipande cha mwanzi kiitwacho mbeta, na maji ya mwanzi yanadondoka humo taratibu. Asubuhi na jioni anarudi kukinga na kukwangua upya. Msimu ukiisha, basi, mpaka mvua nyingine. Hakuna anayetia hamira wala sukari. Chachu inajiingiza yenyewe kutoka hewani na chomboni, na kazi inaanza palepale porini, kabla mgema hajafika nyumbani.

Ukiwa mtamu bado unaitwa mtogwa. Ukishachacha na kuwa mkali ni mkangafu. Kati ya hayo majina mawili kuna saa chache tu, na ndizo nilizozifuata Mikumi.

Kwa nini Mikumi na si Iringa kwenyewe? Sababu ni mume wangu. Kazi yake ni ya reli, ile ya zamani, na kituo chake ni Kilosa. Wanaoijua Kilosa wanajua habari ya mto Mkondoa. Mvua kubwa za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ziliupasua ukingo wa mto, maji yakaingia mjini na reli ikakatika. Kutoka Kilosa kwenda Kidete mpaka Gulwe, reli na mto vinakwenda sambamba kama mke na mume waliochokana, na kila masika mto unadai eneo lake. Kwa hiyo wakati wenzake wa ofisini wanaomba likizo, yeye ndio kwanza anavaa mabuti. Msimu wa ulanzi ndio msimu ambao baba watoto harudi Dar. Tukitaka kuonana, mimi nampanda basi la Iringa, yeye anateremka kwa barabara ya Ulaya, tunakutana Mikumi. Ndiyo, Ulaya. Iko wilaya ya Kilosa, kati ya Kilosa na Mikumi, na haihitaji viza.

Mikumi mnaijua. Ukitoka Morogoro unakatisha hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, barabara kuu inapita ndani yake kama kilomita 50, twiga na tembo wanakutazama wewe badala ya wewe kuwatazama wao. Halafu unatokea mjini, malori, mishikaki, moshi, kelele. Ulanzi unaofika pale unashuka kutoka nyanda za juu, unapita Kitonga, mwendo wa saa kadhaa kwenye madumu. Na hapo kuna somo la kwanza. Tazama kifuniko. Dumu la ulanzi linafungwa kwa kulegeza, maana kinywaji kinapumua njia nzima. Ukikuta kifuniko kimekazwa na dumu halijavimba, jiulize mara mbili kilichomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka mtamu au wa wanaume?"

Nikamwambia mama muuzaji nataka yote miwili, tena nitakaa mpaka jioni nione unavyogeuka. Akacheka, akaniletea kiti cha kivulini.

Kikombe cha kwanza, saa tano asubuhi. Rangi ni nyeupe ya ukungu, kama maji ya mchele uliooshwa mara ya pili. Vipovu vidogo vinapanda pembeni. Harufu, yaani, ni nyasi zilizofyekwa punde, na kwa mbali juisi ya muwa. Ukiuweka mdomoni unaanza na utamu mwepesi, haugandi kama soda, halafu unachoma ncha ya ulimi kidogo. Mwishoni inabaki ladha ya kijani, kama umetafuna jani changa la muhindi. Hapo ulevi bado ni mdogo. Wanaokunywa huko huko shambani wanaupata mtamu zaidi ya huu. Wa Mikumi una safari ndani yake.

Kikombe cha pili, saa tisa alasiri, dumu lile lile. Utamu umepungua nusu. Uchachu umeshika usukani, uchachu wa embe bichi lenye chumvi, na harufu ya mkate unaoumuka. Huu ndio niliouelewa zaidi. Ukipata kuku wa kienyeji wa kuchoma mwenye pilipili, uchachu unakata mafuta, pilipili inaamsha utamu uliojificha, unajikuta umenyamaza. Tahadhari tu, kwa hatua hii nguvu yake inakaribia ya bia ya kawaida, na kwa vile unateremka kama maji, miguu inapata habari baada ya kichwa. Dereva asiguse. Mjamzito asiguse. Asiyekunywa pombe kabisa asidanganywe kwamba mtogwa ni juisi, akatafute togwa ya nafaka iliyo changa.

Sasa mezani pale nilikuwa nimekaa na mtu wangu, na niseme ukweli, nilikuwa naonja ulanzi huku namtazama yeye. Mimi nilikuwa nanusa, nazungusha, naandika kwenye kidaftari. Yeye kikombe cha kwanza alikipiga kama mtu anayemeza dawa. Hakuuliza ni mtamu au mkali. Hakukunja uso wala kutabasamu. Nikamjazia tena, ukaenda vilevile.

Nimeolewa naye miaka 14. Huyu ni mtu ambaye nikipika mchuzi anataja kiungo kilichopungua kabla hajakaa. Mtu kama huyo akinywa bila kuonja, kuna jambo.

"Baba, ukiwa Kilosa peke yako unakunywa nini?"

Akanyamaza kidogo. "Chochote kinacholeta usingizi, mama."

Basi akaanza kusema. Kwamba mvua ikianza usiku kwenye bati, halali. Anahesabu saa, anawaza tuta la reli, anasubiri simu. Simu isipolia ndio mbaya zaidi, anaendelea kusubiri. Wenzake wana dawa yao, kile kichupa kidogo cha pombe kali cha dukani. Wakati ule viroba vya plastiki vilipopigwa marufuku, Machi 2017, tulishangilia mjini kwamba yameisha. Yeye akaniambia chupa ndogo inaingia mfukoni vilevile. Hajawahi kulewa kazini, na namwamini. Lakini sasa ni kila usiku wa mvua, na Kilosa masika ni mvua.

Wenzangu, hapa ndipo wengi wetu tunapoanza kulia au kugombana. Unataka kuuliza, kwa hiyo wewe ni mlevi? Neno hilo ukishalitoa halirudi, na mwanaume akishalisikia anafunga mdomo na mfuko. Nikamuuliza kitu kingine: "Huu ulanzi, unausikiaje?"

Akaonekana kushangaa. Akanywa tena, taratibu. "Umeshaanza kuchacha," akasema. "Asubuhi lazima ulikuwa kama muwa." Akanusa. "Unanukia shamba la baba baada ya kufyeka." Ndipo nikamwona amerudi.

Tuliongea mpaka mama anakunja viti. Kuna nafasi inayozungumzwa kwenye karakana ya Morogoro. Hakuna mto wa kusikiliza usiku, lakini posho ya njiani haipo, na posho hiyo ndiyo ada ya mtoto wa kwanza. Mimi nilitaka ajaze fomu Jumatatu. Yeye anataka masika yaishe kwanza, hawezi kuwaacha wenzake reli ikiwa majini. Hatukukubaliana. Tulichokubaliana ni kidogo zaidi. Kichupa kisiingie chumbani. Usiku wa mvua anipigie, hata saa nane, hata kama hana la kusema. Na mimi nikipokea nisianze na ada wala luku.

Jumapili tulipanda pamoja kwenda Kilosa, dumu letu dogo la lita 3 katikati ya miguu, kifuniko kimelegezwa. Kikombe cha tatu nikaonja barazani kwake, saa kama 24 baada ya cha kwanza. Huo sasa ni mkangafu. Utamu hakuna hata wa kuazima. Umekauka, unauma pembeni ya ulimi, harufu inaelekea siki na ngozi ya nanasi lililoiva kupita kiasi. Wapo wanaoupenda huo na wanaudharau mtamu kuwa wa watoto. Mimi nilikunywa nusu. Mume wangu aliunusa, akausogeza pembeni, akachemsha chai.

Usiku haukunyesha, kwa hiyo siwezi kuwaambia mengi. Nilirudi Dar kwa treni ya umeme, ambayo tangu 2024 inapita Kilosa kwenda na kutoka Dodoma. Siku ya nne saa saba na nusu usiku simu ikalia. Tuliongea dakika 40 kuhusu paka wa jirani. Kwa mbali nilikuwa naisikia mvua kwenye bati lake.

Haya, ya kuondoka nayo mwezi huu. Ukiutaka ulanzi, nenda kati ya mvua za mwanzo wa mwaka na Aprili. Nunua mapema asubuhi, muulize muuzaji umekingwa lini, na omba uonje kabla hujalipa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo sifa toa baada ya kikombe. Ulio na maji utaujua, utamu unakatika ghafla na hakuna harufu ya majani. Chombo kiwe safi, na kama kinanuka mafuta ya taa, aga kwa heshima uondoke. Usiujaze kwenye chupa ya kioo ukaukaza, itapasuka. Usiupeleke nyumbani ukidhani utakuwa uleule kesho.

Na kama una mtu wako wa mbali, mahali popote pale, iwe mgodini, bandarini, kambini, usimuulize amekunywa kiasi gani. Muulize kilikuwa na ladha gani. Akishindwa kujibu, panda basi.

Mwezi ujao tutaonja kahawa. Tuonane!