Kovu Dogo, Mfupa Uleule

Mama mdogo ameambiwa pingili mbili za mgongo wake ziunganishwe kwa skrubu. Kwenye grupu la familia tayari watu wanataka kiwanja kiuzwe aende India, eti "huko wanatoboa tu vitundu". Jamani, tupunguze presha kwanza.

Upasuaji wa wazi unachana mgongo katikati na kubandua misuli kwenye mfupa. Ule wa matundu madogo unapitisha mrija katikati ya misuli, daktari akiongozwa na eksrei. Faida zipo: damu inapotea kidogo, maumivu ya siku za mwanzo yanapungua, mtu anatoka wodini mapema. Lakini vifaa ni ghali, mionzi ni mingi zaidi, na daktari anahitaji muda kuizoea njia hiyo. Baada ya mwaka au miwili, matokeo ya wengi hukaribiana. Mfupa nao unaunga kwa miezi ileile. Na mgongo uliopinda sana mara nyingi bado unataka njia ya wazi.

Kwa hiyo, kabla kiwanja hakijauzwa, tumuulize daktari wake: hivi ni lazima pingili ziunganishwe? Na wewe umeshawafanyia wangapi, kwa njia ipi? Kovu linafunikwa na blauzi. Kiwanja kikishauzwa hakirudi.