Andika Programu Ambayo Babu Yako Anaweza Kuikosoa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa nyumbani Kutulo. Kwa wasiopajua, ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda El Wak na Mandera, pale kaunti za Wajir na Mandera zinapokutana. Nimerudi na hoja moja kuhusu namna tunavyojifunza kuandika programu, na najua wengine hamtakubaliana nami.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na anajifunza Python kwenye simu. Siku hizi inawezekana kabisa: unapakua Pydroid 3 mara moja ukipata mtandao mzuri, halafu unaandika na kuendesha programu zako bila bando. Simu anachaji kwa sola. Alinionyesha daftari lake. Mazoezi yamejaa kurasa kwa kurasa: kugeuza neno kinyumenyume, kutafuta namba tasa, kujumlisha namba zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au 5 (lile swali la kwanza la Project Euler, lililowatesa wengi tangu 2001). Yote ameyapata.

Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Abti, nadhani hii kazi si yangu. Nikipewa swali najibu. Nikifungua ukurasa mtupu sijui nianze wapi."

Maneno hayo nayajua. Usaili wangu wa kwanza Nairobi niliulizwa, "Umewahi kutengeneza nini?" Nikaanza kutaja mazoezi. Kazi sikupata, na walikuwa na haki.

Sisemi mazoezi hayana faida. Ni kama duksi: bila kuandika na kufuta ubao mara nyingi, herufi haziingii kichwani. Lakini katika zoezi mtu mwingine ameshakuchagulia swali, amelisafisha, na jibu analo mfukoni. Kazi iliyobaki ni ndogo. Katika kazi halisi, sehemu ngumu ni kujua swali lenyewe ni lipi.

Ndiyo maana wengi hushauri, "Tengeneza mradi." Sawa, lakini mradi gani? Vitabu vinakwambia utengeneze orodha ya mambo ya kufanya, au kikokotoo. Tatizo ni kwamba hapo mtaani hakuna anayekihitaji kikokotoo chako, kwa hiyo hakuna atakayekwambia umekosea.

Ushauri wangu ni huu: chagua mradi ambao karibu nawe yupo mtu anayejua jibu sahihi, hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

Kwetu mtu huyo ni baba yangu, babu yake kijana. Skrini haimhusu, lakini hesabu ya zaka ya ngamia anayo kichwani. Nikamwambia mpwa wangu, "Andika programu: unaingiza idadi ya ngamia, inakwambia zaka."

Alikumbuka mwanzo wake tu: kwa kila ngamia watano, mbuzi au kondoo mmoja. Akaandika mstari mmoja wa kugawanya kwa 5, akaenda kwa babu yake na simu mkononi. "Awoowe, nipe idadi yoyote." Mzee akasema thelathini. Simu ikajibu: kondoo 6.

"Sita?" mzee akashangaa. "Ukifika ishirini na tano huhesabu tena kondoo. Unatoa ngamia."

Hakuna tovuti ya mazoezi ambayo ingempa somo hilo kwa namna ile. Akakaa chini na daftari, mzee akamsomea:

- 5 hadi 24: mbuzi au kondoo mmoja kwa kila watano
- 25 hadi 35: ngamia jike aliyetimiza mwaka 1
- 36 hadi 45: jike aliyetimiza miaka 2
- 46 hadi 60: jike aliyetimiza miaka 3
- 61 hadi 75: jike aliyetimiza miaka 4
- 76 hadi 90: majike wawili wa miaka 2
- 91 hadi 120: majike wawili wa miaka 3
- Zaidi ya hapo: kwa kila 40 jike wa miaka 2, kwa kila 50 jike wa miaka 3

Mistari saba ya kwanza ni masharti tu, aliimaliza kabla ya magharibi. Wa mwisho ulimkesha. Ngamia 130 unawagawa vipi? Arobaini ngapi na hamsini ngapi? Asubuhi alikuja na hii:

makumi = n // 10 * 10
for hamsini in range(makumi // 50 + 1):
    baki = makumi - hamsini * 50
    if baki % 40 == 0:
        print(hamsini, baki // 40)

Kwa 130 inatoa hamsini 1 na arobaini 2. Sahihi. Kwa 200 ikatoa majibu mawili: arobaini 5, au hamsini 4. Akadhani ni bagi. Akamuuliza mzee, naye akasema yote mawili yanakubalika. Hapo kijana akajifunza kwamba si kila majibu mawili ni kosa, na kwamba programu lazima ijue la kufanya yakitokea.

Kisha, kwa udadisi, akaijaribu kanuni hiyo kwa 110. Haikutoa kitu. Tukakaa na karatasi: 110 huwezi kuipata kwa kujumlisha arobaini na hamsini, hata ujaribu vipi. Lakini kuanzia 120 kwenda juu, kila namba ya makumi inapatikana. Na kanuni inaanza kutumika pale pale, baada ya 120! Mimi nimeandika programu miaka mingi na zaka nimeisikia tangu utotoni, jambo hilo sikuwahi kuliona.

Tukadhani tumemaliza. Mzee akauliza, "Hiyo simu imeuliza kama hao ngamia wamekaa na mwenyewe mwaka mzima? Imeuliza kama wanachunga porini au wanalishwa majani ya kununua?" Haikuuliza. Na baada ya ukame wa 2020 hadi 2022, wakati watu wa huku walipoteza mifugo mingi na wengine kununua majani ili kuokoa waliobaki, hayo si maswali ya pembeni. Kwa lugha ya ofisini tungesema mteja ameongeza mahitaji. Kwa kweli hakuongeza chochote, yalikuwepo tangu mwanzo. Sisi ndio hatukuuliza.

Hili si jipya. Al-Khwarizmi, ambaye neno "algorithimu" limetokana na jina lake, alitumia sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9 kutatua hesabu za wosia na mirathi. Alianza na shida za watu waliomzunguka.

Huna ngamia? Mama mwenye duka ana daftari la madeni. Kina mama wa ayuuto wanajua nani anapokea lini na nini hutokea mmoja asipolipa. Mlinzi wa kisima anajua zamu za maji. Wote hao ni walimu wako.

Na kwa walimu wa darasani: mwaka 2022 taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa Kodris Africa wa kufundisha uandishi wa programu shule za msingi na sekondari. Vizuri sana. Naomba tu mtoto wa Kutulo asiishie kuhesabu vipande vya pizza.

Mpwa wangu hajasema tena kwamba kazi hii si yake. Sasa anashughulikia mbuzi na kondoo, nanyi jaribuni: 40 hadi 120 ni mmoja, 121 hadi 200 wawili, kuanzia 201 watatu, halafu kuanzia 400 mmoja kwa kila mia kamili. Angalieni sana 399. Mkimaliza, msinionyeshe mimi. Mwonyesheni mzee wa nyumbani.