Wivu si Ushahidi

Mwaka 1952 sinema ya Othello, iliyotengenezwa na Orson Welles, ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes pamoja na sinema nyingine moja, ikiwa chini ya bendera ya Moroko. Imetokana na mchezo wa Shakespeare, ambamo jemadari anamwua mkewe asiye na hatia kwa ajili ya leso na fitina ya mtu mmoja. Wengi huiona kuwa hadithi ya wivu tu. Sisi tunaona kuwa inawahusu viongozi pia.

Shauri la kwanza la ndoa hiyo lilisikilizwa Venice. Baba alidai kuwa binti yake amerogwa. Baraza likamsikiliza mzee, likamsikiliza jemadari, kisha likamwita binti mwenyewe aseme. Jambo likaisha bila damu. Tuhuma ya pili ilizuka kisiwani Kupro, mbali na baraza na mbali na jamaa wa mke. Huko mume akawa mshtaki, hakimu na mwuaji. Mjumbe wa serikali alimwona akimpiga mkewe hadharani. Alishangaa, kisha akaenda kula. Usiku ule ule mke aliuawa.

Ndugu zetu wa Bumbire, Ikuza na Goziba wanaujua umbali wa maji. Siku za giza mume hukesha ziwani akivua dagaa. Asubuhi mwaloni hakosi mtu wa kumnong'oneza. Ziwa likichafuka, hakuna chombo cha kumvusha mke kwenda Muleba wala Bukoba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikusahau jambo hili. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu cha 102 kinataka kila kata iwe na baraza la usuluhishi wa ndoa. Lakini baraza lisilofikika ni sawa na baraza lisilokuwapo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa wilaya na watendaji wa kata wahakikishe kuwa mabaraza yanavuka maji, yanakaa mwaloni kwa zamu, na siku za vikao zinatangazwa mapema. Afisa aonaye kofi asipite akisema ni mambo ya nyumbani.

Nanyi waume, mnong'ono si ushahidi. Anayetuhumiwa aitwe, asikilizwe mbele ya wazee, kabla mkono haujainuliwa.