Jibu Lilingane na Chombo



Sisi wa Njombe twaijua lumbesa. Gunia la viazi hujazwa hadi mdomoni, kisha juu yake huongezwa kilemba, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo huipiga marufuku. Mimi nasema hata ndani ya kompyuta imo lumbesa, na watunga programu hawana budi kuikataa.

Chukua mfano wa kompyuta za IBM za ukubwa wa kati, zilizotoka mwaka 1988 kwa jina la AS/400, ambazo mfumo wake leo huitwa IBM i. Humo mtu aweza kutunga amri yake mwenyewe. Programu nyingine huipa amri hiyo namba ya mwanafunzi, nayo hurudisha jina katika chombo kilichoandaliwa na mwulizaji. Ili parameta irudishe jibu, RTNVAL huwekwa *YES.

Je, chombo kiwe cha herufi ngapi? Mtunga amri akiamua 20, jina refu litakatwa. Akiamua 100, kila mwulizaji atalazimika kuandaa nafasi 100, ingawa 30 zingemtosha. Na programu ikimwaga herufi 100 katika chombo cha 20, zile 80 huangukia kumbukumbu ya jirani na kuharibu vilivyomo. Hiyo ndiyo lumbesa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Dawa ipo: VARY nayo iwekwe *YES. Hapo mashine hutanguliza baiti 2 zenye urefu wa chombo cha mwulizaji. Programu husoma urefu huo kwanza, ndipo ijaze, wala isizidishe. Mwenye chombo cha 30 huko Makambako na mwenye cha 50 hapa Njombe watatumia amri ile ile moja.

Wako watakaosema: "Chombo kikiwa kidogo, jina si litakatwa vilevile?" Ni kweli. Ndiyo maana naongeza kwamba programu isikate kimya kimya. Itume ujumbe kuwa nafasi haitoshi. Mwenzetu mmoja wa bweni alikatwa jina la ukoo katika orodha fulani, likawa halifanani na la cheti chake cha kuzaliwa. Baba yake alitoka Makambako hadi Njombe kutafuta hati ya kiapo. Herufi 3 zilimgharimu nauli, ada na siku nzima ya shamba.

Basi sisi tujifunzao kompyuta tushike mambo matatu: tuulize urefu wa chombo, tusiuzidi, na kisipotosha tuseme wazi. Nawaomba walimu wetu watufundishe haya mapema, maana orodha za kesho za hospitali, benki na shule tutazitunga sisi, na majina yatakayokuwamo ni ya wazazi wetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne