Kisomo kisiishie a, e, i, o, u

Yupo aliyeandika kwamba kisomo cha watu wazima kiishie kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Mazingira yaachiwe maofisa misitu. Amesahau historia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwafundisha watu wazima kwa redio na vikundi vya kusoma, na vyoo vikachimbwa. Mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali, kwa njia ileile.

Dai bovu kuliko yote ni kwamba mwanakijiji hana utaalamu. Mpeleke mwandishi huyo kwenye delta ya Rufiji, atofautishe mkandaa na mchu, kisha aeleze mbegu ya mkoko inavyochipua ingali mtini. Atakwama. Mkata boriti hakwami. Anachonyimwa ni Sheria ya Misitu ya 2002, inayokiruhusu kijiji kutenga msitu kwenye ardhi yake na kuusimamia. Asome nini basi, hadithi za sungura? Watu wa vijiji kama Mtawanya wajifunze kusoma kwa sheria hiyo, na kuhesabu kwa magunia ya mkaa yanayopakiwa: ni mangapi, kwa kibali cha nani, na ushuru umeingia mfuko gani.