Umechukua Picha, Ukaacha Kazi

Wasee, leo nataka tugombane kidogo.

Kuna hii biashara ya pini za Kijapani. Unazijua. Wimbi la buluu, ua la sakura, samaki koi, paka anayepunga mkono, wingu jekundu la Akatsuki. Ziko kwenye mikoba ya wanafunzi Kisumu, kwenye kofia za watu Nairobi, kwenye majaketi ya jinzi pale NAICCON. Na nyingi zinauzwa zikiwa zimedungwa kwenye kakadi kazuri kalikoandikwa: imetengenezwa kwa mkono.

Mkono wa nani?

Kabla hujaanza kunitusi, jua ninaongea nikiwa wapi. Niko Luanda Kotieno, pale barabara ya kutoka Ndori inaishia majini na feri inakuvusha hadi Mbita. Chuo nilitoka kabla ya kumaliza, nikarudi nyumbani. Siku hizi nakata shaba, natengeneza pini na bruchi, halafu naweka vidio. Anime nimeangalia mpaka bando zikaisha. Kwa hivyo kama umekuja hapa ukidhani nitakwambia "mwacha mila ni mtumwa, vua hiyo pini ya Naruto", pole, umepotea njia. Japani haina kosa lolote hapa. Kosa liko kwetu sisi tunaouza.

Sikiza vile hizo pini hutengenezwa. Mtu anachora kwa simu ama laptopu. Mchoro unatumwa kiwandani, mara nyingi China. Kule wanachonga muhuri wa chuma, wanagonga bati la chuma ama shaba mpaka mistari inainuka, wanalichovya lipate rangi ya dhahabu ama nyeusi. Halafu mfanyakazi anajaza rangi kwenye vile vishimo kwa bomba la sindano, moja baada ya nyingine, na zinaingia kwenye oveni zikauke. Hazitengenezwi mbili ama tatu, zinatengenezwa kwa mamia. Kifurushi kinafika, muuzaji anatoa plastiki, anadunga pini kwenye kadi, anapiga picha kando ya kikombe cha matcha. Kwisha.

Kwa hivyo ndio, mkono ulikuwepo. Ni wa mfanyakazi ambaye muuzaji hatawahi kumtaja. Mkono wa muuzaji ulifungua kifurushi.

Na gharama ya huo uongo kuna watu wanaolipa. Mtu akikata shaba kwa msumeno mdogo, apige msasa, achomelee sindano ya nyuma, ajaze rangi, asubiri ikauke, apige msasa tena, bruchi moja inaweza kumla siku mbili. Anaitisha elfu moja na mia mbili. Mteja anamwangalia vibaya: "Mbona ghali? Kuna dem mjini anauza za mkono mia tatu." Hilo nimeambiwa mara nyingi sana, na kila mara najua fika hizo za mia tatu zimetoka wapi. Siku neno "mkono" litakapokuwa halina maana, wenye mikono watafunga kazi. Hawatashindwa kwa sababu kazi yao ni mbaya. Watashindwa kwa sababu mwingine aliiba jina la kazi yao.

Sasa tuje kwa Japani yenyewe, maana hapo ndipo mambo yanakuwa matamu.

Enameli halisi si rangi ya mkebe. Ni kioo. Unasaga kioo chenye rangi kiwe unga, unakiweka juu ya chuma, unachoma kwenye joto la nyuzi 800 hivi mpaka kiyeyuke na kushikana na chuma. Unaona kile kikombe cheupe cha dani chenye mdomo wa buluu, kile kilichobanduka pembeni na bado kinanywewa chai? Hiyo ni enameli. Omera, kikombe cha nyanya yako ni enameli kuliko hiyo pini yako.

Wajapani wanaiita shippo, maana yake hazina saba. Waya mwembamba unapindwa kufuata mchoro juu ya shaba, kila chumba kinajazwa unga wa kioo, kinachomwa, kinajazwa tena, kinachomwa tena, halafu kinasuguliwa kwa jiwe mpaka kinang'aa. Na unajua nani alifufua kazi hiyo kule? Jamaa anaitwa Kaji Tsunekichi, mtoto wa samurai wa eneo la Owari, karibu na Nagoya. Miaka ya 1830 alipata sahani ya enameli iliyokuwa imeingia Japani kwa meli za Waholanzi. Hakuwa na mwalimu. Hakuwa na kozi wala cheti. Akaifungua ile sahani aone ndani kumefanywa nini. Akajaribu, akachoma, akajaribu tena, mpaka akapata. Akafundisha wengine, na wao wakafundisha wengine. Baada ya miaka 60 hivi, mafundi kama Namikawa Yasuyuki wa Kyoto walikuwa wanashinda medali kwenye maonyesho ya dunia Paris, na mwaka 1896 Namikawa akapewa cheo cha msanii wa jumba la mfalme.

Angalia alichofanya Kaji. Sahani ilikuwa ya kigeni. Alichukua kazi iliyokuwa ndani yake, na mafundi waliofuata wakaijaza ndege wao, maua yao, milima yao. Sisi tumefanya kinyume. Tumechukua ua lao na mlima wao, kazi tumewaachia. Halafu tunaandika kwenye kadi "nimevutiwa na Japani." Umevutiwa na nini? Kama ungevutiwa na Japani kweli, ungekuwa umevunja kitu uone ndani.

Tuendelee. Lile wimbi. Pini inayouzwa kuliko zote, naapa. Mchoro ni wa Hokusai, ulitoka mwaka 1831 hivi. Watu wanaudunga kifuani kwa sababu ya wimbi na mlima Fuji. Lakini hebu kuza hiyo picha kwa simu yako. Chini ya wimbi kuna mashua tatu. Ndani kuna wapiga makasia wameinama, wameshikilia. Unajua wale ni akina nani? Zile ni mashua za mbio za kupeleka samaki sokoni Edo, mji ambao sasa ni Tokyo. Ni watu wa samaki, buda! Picha maarufu kuliko zote kutoka Japani inahusu watu wanaohangaika kufikisha samaki sokoni kabla hawajaharibika. Na ile buluu yake kali? Ni rangi iliyobuniwa Berlin, ikaingia Japani kwa biashara. Hokusai hakuogopa kitu cha kigeni. Alikitumia kuchora watu wa kwao.

Sasa nikuulize wewe unayeuza hilo wimbi Kisumu. Ukishuka hapa Luanda Kotieno usiku, taa za wavuvi wa omena zimepangana ziwani utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Asubuhi mitumbwi inaingia, mbao zake zimepakwa pembetatu nyekundu, njano, buluu, na kila mtumbwi una jina. Akina mama wanaanika omena kwenye nyavu. Gari linasubiri, jua linapanda, kila mtu anakimbizana na muda, vilevile kama wale wa Hokusai. Na wewe, ambaye mama yako amekusomesha kwa omena, unavaa wavuvi wa Edo kifuani halafu kwenye matatu unaweka dirisha wazi mtu akipanda na gunia la samaki. Wavuvi wa 1831 ni sanaa. Wavuvi wa leo ni harufu. Manze, hiyo ni aibu, na haina uhusiano wowote na Japani.

Koi nayo ni hadithi ileile. Babu yake alikuwa samaki wa kula, wa rangi ya kawaida tu. Wakulima wa mpunga wa Niigata waliona wachache wametoka na rangi, wakawatenga, wakawazalisha, mpaka dunia nzima ikaanza kuwatamani. Walianza kwa kuangalia vizuri kitu kilichokuwa kwenye maji yao. Sisi tuna fulu. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za hao samaki wadogo, na madume wao wana buluu, nyekundu na njano. Wengi walipotea baada ya mbuta kuingizwa miaka ya 1950 na kuongezeka vibaya miaka ya 1980. Wanasayansi wa Tokyo wamewachunguza fulu wetu kwa miaka. Wewe hujawahi kuchora hata mmoja. Niambie ni pini ngapi za fulu umeona. Mimi nje ya meza yangu sijaona hata moja.

Na kama unadhani Wajapani watakudharau ukiwapelekea vitu vya kwenu, kumbuka leso. Kuna wakati katika karne ya 20 leso nyingi za Mombasa na Zanzibar zilikuwa zinachapishwa Japani, na maneno ya Kiswahili chini. Mchapishaji wa kule hakusema "nitawauzia kimono watazoea." Mama wa Pwani alijua anataka pindo gani, rangi gani na jina gani, na kiwanda kikafuata. Mnunuzi aliyejua anachotaka ndiye aliyeamua.

Kuna wengine wameshaelewa. Mwaka 2025 vijana wa Madagaska walipoandamana, walibeba ile bendera ya fuvu ya One Piece kama vijana wa nchi nyingine. Lakini ile kofia ya nyasi ya Luffy waliitoa, wakaweka satroka, kofia ya watu wa Betsileo wa kwao. Badiliko moja tu, na kila Mmalagasi akajua hiyo bendera ni ya nani. Hiyo ndiyo maana ya kuvutiwa na kitu.

Najua majibu yenu, nimeyasoma yote.

"Wateja wanataka sakura." Wanataka walichoonyeshwa. Ziwani kuna gugumaji lenye ua la zambarau zuri ajabu, lililofunga mashua na kuua biashara za watu. Hilo nalo ni geni, limetoka Amerika Kusini. Kisumu kuna watu wamelikausha wakalisuka vikapu na viti, na wageni wananunua. Hakuna mteja aliyeamka asubuhi akililia kikapu cha gugumaji. Mtu alitengeneza kwanza.

"Hatuna mashine." Kaji alikuwa na sahani moja. Shaba ya njano iko kwenye makufuli na mifereji iliyokufa, na mafundi Nairobi wanaiyeyusha kila siku kutengeneza hereni na bangili. Tanuri ya kuyeyusha kioo ni ghali, kweli, ndiyo maana mimi najaza resini na rangi. Na nasema ni resini. Siiti shippo, siiti enameli.

"Sasa unataka tufunge biashara?" Hapana. Nataka usiseme uongo, basi. Kama umechora mwenyewe na kiwanda kikakutengenezea, andika hivyo: nimechora mimi, kiwanda kimetengeneza. Hiyo ni kazi halali na nitakununulia. Kama umeagiza tu mchoro wa mtu, andika imeagizwa. Kama ni Naruto na huna ruhusa ya mwenyewe, hiyo unaijua wewe na moyo wako. Lakini neno "mkono" waachie wenye vidole vilivyokatwa na bati.

Na wewe mnunuzi usijifiche nyuma yangu. Uliza maswali matatu kabla hujatuma pesa. Moja: nionyeshe mgongo wa pini, kwa sababu mgongo wa kiwandani ni laini na unafanana na mingine yote, ilhali mgongo wa mkono una kovu la kuchomelea. Mbili: nionyeshe vidio ya mikono yako ukiitengeneza hiyo, siyo muziki na kadi. Tatu: hii picha inahusu nini? Mtu aliyekata wimbi kwa msumeno kwa siku mbili atakuwa ameziona zile mashua tatu. Aliyeagiza mia kwa mkupuo atakwambia "ni aesthetic tu."

Kwa hivyo toa pini iliyoko kwa mkoba wako sasa hivi. Igeuze. Piga picha ya mgongo, mtumie aliyekuuzia, umuulize kwa heshima: huu ni mkono wa nani? Akikujibu vizuri, mlete hapa tumsifu kwa jina la kazi yake. Akikublok, jibu unalo.